Beseni la ukumbini

Mama alikuwa na beseni la plastiki, la bluu, lenye ufa mdomoni, ambalo kwa miaka minane au tisa halikuwa na kazi nyingine ila kukaa ukumbini. Mawingu yakianza kufunga upande wa baharini, analitoa chini ya kitanda, analitega usawa wa kenchi ya tatu kutoka mlangoni, halafu anarudi zake kukaa. Hapimi wala haangalii juu. Tone la kwanza likija linaangukia katikati. Nilipokuwa nikija Tanga kwa likizo nilikuwa namcheka. Niliporudi kuishi, mwaka 2024, sikucheka tena. Chumba nilichopewa kilipakana na hilo beseni, na usiku wa mvua likigonga hulali.

Nyumba yetu iko Ngamiani, kwenye zile barabara zenye namba. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, ukumbi unaonyooka katikati mpaka uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Uani kuna jiko, bafu, choo na kisima ambacho maji yake yana chumvi kidogo, ya kuoshea vyombo sawa, ya chai hapana. Babu aliijenga kwa nguzo za mikoko, fito na udongo mwekundu, juu akasiriba chokaa. Paa lilikuwa la makuti, likaja kuwa la mabati baba alipokuwa kijana. Mabati yenyewe ndiyo hayo tuliyokuwa tukiyategea beseni.

Mvua za vuli za 2023, zile za El Nino, ndizo zilizotuumbua. Ukuta wa magharibi ulikunywa maji mpaka chokaa ikaanza kumenyeka kama ganda la yai la kuchemsha. Masika ya 2024 yakamalizia. Ukipita uchochoroni ulikuwa unaziona fito, na kati ya fito unauona mguu wa kitanda cha mama. Mama akatundika khanga kwa ndani. Nami nilikuwa na vijisenti vyangu, maana duka nililofanyia kazi Dar kwa miaka kumi na moja lilifungwa na mwenyewe akanipa changu tukaagana vizuri. Vuli ya 2024 ilipopita bila mvua ya maana nikasema sasa. Kaskazi ikishaanza kuvuma Desemba, mpaka masika ya Machi una miezi mitatu na ushee ya jua tupu. Hapo ndipo mtu wa pwani anapojenga, na hapo ndipo mtu mwenye akili zake halimi, ila mimi nilitaka vyote viwili.

Nilichukua daftari la shule, nikachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto nikaandika NYUMBA, kulia BUSTANI. Nimelihifadhi daftari hilo mpaka leo. Kosa langu la kwanza lilikuwa huo mstari, lakini nisikimbilie huko.

Kosa lililonigharimu fedha lilikuwa kuanza na ukuta. Kila mtu aliniambia anza na paa. Lakini ukuta unaonwa na wapita njia, na paa linaonwa na kunguru, na ninyi mnawajua kunguru wa Tanga, hawana la kumsifia mtu. Nikamleta kijana mmoja niliyeelekezwa kuwa ni fundi mwashi. Akatazama, akapiga hesabu kwenye simu, akasema mifuko kumi na moja ya saruji, tripu moja ya mchanga, siku nne. Siku nne kweli, ukuta ukawa umenyooka, unang'aa, pembe zimekatwa kama keki. Nikaupiga picha, nikaituma kwa ndugu wote.

Wiki ya tatu nilikuwa naanika nguo, nikaegemeza mkono ukutani. Ukalia. Nikagonga tena kwa kifundo cha kidole: ko, ko, ko, kama kopo tupu. Nikasogea hatua mbili nikagonga, kopo. Jioni ile mjomba wangu, kaka yake mama, alikuja kuangalia. Ana miaka sabini na kitu, na ujanani alikuwa mwashi Pangani, kwenye zile nyumba za mawe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Aliyekupigia lipu hii umeshamlipa?"

"Nimemlipa."

"Yote?"

Sikujibu. Akaingiza ncha ya mwiko kwenye ufa mdogo pale chini, akapinda kidogo tu, na kipande cha ukubwa wa mlango kikabanduka kizima, kikalala chini bila hata kuvunjika. Nyuma yake udongo wa babu ulikuwa umelowa, mweusi, unanuka kama mtungi.

"Udongo na saruji hawasalimiani," alisema. Akaeleza, na baadaye nilikuja kuyaona yote kwa macho yangu. Kiambaza kinavimba kidogo kikipata unyevu na kunywea kikikauka, kila siku. Saruji ni ngumu, haiendi nacho, basi inaachana nacho. Halafu inafunga. Unyevu unaopanda kutoka chini ya msingi, ambao zamani ulikuwa unatokea nje kwenye chokaa na kupeperuka na upepo, sasa unakosa pa kutokea, unabaki ndani unalainisha udongo. Ukuta wangu mzuri wa picha ulikuwa unaoza taratibu ndani ya ganda lake.

Kisha akaenda kwenye kifusi cha mchanga uliobaki, akachota kidogo kwa vidole viwili, akauweka kwenye ulimi. Nilidhani anatania. Akatafuna mara mbili, akatema.

"Onja."

Nikaonja. Chumvi. Yule kijana alikuwa ameuleta kwa bei ya kutupa, na mimi nilifurahia bei nisiulize umetoka wapi. Ulikuwa mchanga wa ufukweni. Ukijengea huo, mjomba alisema, ukuta unavuta unyevu wa hewani milele, na utaona unga mweupe unatoka hata ukipaka rangi mara mia. Tangu siku ile kila mchanga ulioletwa pale kwetu, wa kirikuu au wa guta, niliuonja kabla haujamwagwa. Madereva walizoea. Mmoja aliniuliza kama niletewe na ndimu.

Tukabandua lipu yote. Mifuko kumi na moja ikaishia chini.

Sasa niseme ya bustani, maana wakati haya yanatokea upande wa kulia wa daftari nao ulikuwa haulali. Uani kwetu kuna kipande cha kama hatua kumi kwa sita kati ya kisima na ule ukuta wa magharibi. Niliota nyanya, bamia, mchicha, matembele, pilipili, nyanya chungu, na, Mungu anisamehe, maharage. Nilikuwa nimeyaona maharage Soni wakati fulani, yamependeza, nikasahau kuwa Soni mtu analala na blanketi. Maharage yaliota, yakatoa majani mawili mawili, na maji ya kisima yakayamaliza pembezoni kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto. Katika mazao ya bustani, maharage ni miongoni mwa yasiyostahimili chumvi kabisa. Mchicha ule ule, maji yale yale, haukujali. Matembele ndiyo hata hayakugeuza shingo.

Mchicha nilijifunza haraka, kwa sababu ni wiki tatu au nne tu unang'oa, ukikosea unaanza upya kabla hujasononeka. Mbegu zake ni ndogo kuliko chenga za chai. Mara ya kwanza nilizimwaga kwa mkono, zikaota kwa mafungu kama nywele za mtoto. Mama akanionyesha: changanya kijiko kimoja cha mbegu na kikombe cha mchanga mkavu, kisha nyunyiza mchanga. Juu weka makuti mawili kwa siku nne au tano, maana jua la Januari Tanga ni nyuzi 32 au 33 na udongo ulio wazi unachoma kuliko hewa. Ukiona vichwa vyekundu vinachungulia, yaondoe jioni, usiondoe asubuhi.

Nyanya zilinishinda. Miche mizuri, nikaihamisha vizuri, ikachanua vizuri, na maua yakaanguka karibu yote. Usiku wa Februari pwani haupoi, na ua la nyanya usipolipa ubaridi wa usiku halishiki. Yale matunda machache yaliyoshika yakapatwa na kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini karibu 2014 na jina lake linajieleza. Unaona mistari myeupe ndani ya jani kama mtu amechora kwa kalamu, kisha matundu kwenye tunda. Nilitwanga majani ya mwarobaini, nikaloweka usiku, nikachuja, nikatia sabuni kidogo, nikapuliza kila baada ya siku tano. Vidukari kwenye bamia waliondoka. Kantangaze alikuwa keshaingia ndani ya jani, dawa yangu inapita juu yeye yuko chumbani. Niling'oa nyanya zote, nikazifunga kwenye mfuko mweusi, nikaziacha juani ziive na wadudu wao. Tangu hapo nyanya nanunua sokoni zikishuka kutoka Lushoto, na sioni haya.

Bamia ndizo zilizoniheshimisha. Zilianza kuzaa kama siku ya hamsini, na ukishaanza kuchuma huna ruhusa ya kusafiri. Bamia ya urefu wa kidole leo, kesho kutwa ni fimbo. Nilikuwa nachuma kila siku ya pili alfajiri nimevaa shati la mikono mirefu la marehemu baba, kwa sababu zinawasha, nikimaliza nagawa mafungu matano ya mia tano mia tano barazani. Fedha ya misumari ya paa ilitoka pale. Sisemi kwa kujisifu. Misumari ya bati ni ghali kuliko watu wanavyodhani.

Turudi kwenye mstari wa daftari.

Tulipobandua lipu, palikuwa na kifusi kikubwa: saruji yangu mpya pamoja na chokaa ya babu iliyong'oka nayo. Kukitoa kilihitaji guta mara kadhaa, na kila guta ni fedha. Pale bustanini palikuwa na bonde dogo ambapo maji yalituama. Nikajiambia, mwanamke hodari hatupi kitu. Nikakijaza kifusi bondeni, nikafunika na udongo wa kiganja kimoja na samadi ya mbuzi, nikapanda mchicha na pilipili juu yake.

Wiki ya pili majani machanga yakaanza kuwa njano. Njano ya ajabu: jani lote limepauka, lakini mishipa imebaki kijani kibichi, unaihesabu kama mito kwenye ramani. Nikadhani njaa, nikaongeza samadi. Nikadhani kiu, nikaongeza maji. Pilipili zikadumaa kabisa. Kijana wa jirani anayesoma kilimo alipita na karatasi zake za kupimia, akakoroga udongo kidogo kwenye kikombe na maji ya chupa, akachovya. Karatasi ikageuka rangi ya 8 na zaidi. Mboga nyingi zinataka kati ya 6 na 7. Chokaa imepandisha, akasema, na udongo ukifika huko madini ya chuma yamo lakini mmea hauwezi kuyavuta. Unakaa mezani mbele ya pilau mikono imefungwa. Ningeweza pia kupeleka udongo Mlingano kule Muheza, kwenye kituo cha utafiti wa udongo, na nadhani ningefanya hivyo ningekuwa na eneo kubwa. Kwa kipande changu hiki karatasi ilitosha kuniaibisha.

Siku mbili nilichimba kifusi kile kile kwa chepe, nikakirundika uani, nikawa nakitazama kila asubuhi kama deni.

Na hiyo ilikuwa nyumba inaiua bustani. Bustani nayo ilikuwa kazini. Nilikuwa nimepanga tuta la bamia limeegemea kabisa ukuta wa magharibi, kwa sababu asubuhi pana kivuli kizuri, na chini nikatandaza nyasi kavu na makumbi ili maji yasikauke. Matandazo mazuri, unyevu unadumu, nikajipongeza. Mama ndiye aliyeliona. Alikuwa amekaa kwenye kibao anakuna nazi, akanyamaza, akanyoosha kidole. Kutoka kwenye nyasi zangu mstari mwembamba wa udongo, kama uzi wa katani, ulikuwa umepanda ukutani, umekata kona, umeingia kwenye fremu ya dirisha. Mchwa. Nikauvunja kwa kucha, wakamwagika weupe.

"Bibi yako hakupanda kitu hapo hata siku moja," mama alisema. "Palikuwa pamefagiliwa tu, peupe. Nilidhani ni usafi."

Haukuwa usafi peke yake. Ukuta wa udongo unataka hatua nzima ya ukavu mbele yake. Mimi nilikuwa nikimwaga madumu sita ya maji kila jioni mguuni pa ukuta ambao asubuhi ninamlipa mtu aukaushe. Usiku ule nililichukua daftari nikakaa nalo muda mrefu. Upande wa kushoto ulikuwa unalia maji mengi, wa kulia unalia maji machache, na maji ni yale yale, uani ni ule ule, na anayemwaga ni mmoja.

Dawa ya kifusi ikapatikana hapo hapo. Tukang'oa tuta la ukutani, tukalisogeza mbele. Pale lilipokuwa, kutoka ukutani kuja nje hatua moja, tukachimba kina cha shubiri moja na kukipa mteremko wa kuelekea uchochoroni, tukajaza kifusi cha saruji na chokaa, tukashindilia, juu kokoto. Mchwa akitaka kupita anaonekana. Mvua ikidondoka kutoka kwenye upenu hairuki na tope kupiga ukuta. Deni langu la kila asubuhi likawa njia ya kupita na ndoo. Mjomba alitembea juu yake mara mbili huku na huku, akasema, "Mh." Kwa mjomba hiyo ni hotuba.

Ukuta tuliujenga upya kwa udongo wake mwenyewe. Hilo sikulijua kama linawezekana. Udongo wa kiambaza ukianguka hauharibiki: unauponda, unauloweka siku mbili, unaongeza mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, unaukanyaga. Watoto wa mtaa mzima walijitolea kukanyaga, wengine na sare za shule, na nilipata malalamiko kutoka kwa mama zao watatu. Mjomba alibadilisha fito zilizooza, akaziba kwa madonge, akasiriba kwa kiganja. Alipomaliza akaudonoa ukuta wote kwa ncha ya mwiko, vishimo elfu na moja, ili chokaa ipate pa kushika.

Chokaa siku hizi tunanunua ya mfuko. Mjomba alisimulia jinsi walivyokuwa wakichoma matumbawe kwenye tanuu la magogo, wakiyaacha yazimike kwa mvua na umande, chokaa ikakaa miezi kabla ya kutumika. Ya kwetu tuliiloweka kwenye pipa wiki mbili, maji yakiwa juu yake wakati wote, ikawa laini kama mtindi. Sehemu moja ya chokaa, tatu za mchanga ambao nimeuonja. Inapigwa nyembamba, unene wa kidole chembamba, kisha inasubiriwa. Nilizoea saruji, kesho imekauka unaendelea. Chokaa haina kesho. Inajikaza kwa kunywa hewa polepole, na ikikauka haraka inakuwa unga. Tulitundika magunia ya katani mbele ya ukuta tukawa tunayarashia maji asubuhi na jioni. Rafiki zangu wa Dar nilipowatumia picha waliuliza kwa nini nyumba imevaa gunia.

Tahadhari moja kwa atakayejaribu: chokaa inakula ngozi. Siku ya kwanza nilikoroga kwa mkono mtupu, jioni vidole vikapasuka kwenye maungio, nikashindwa hata kufunga kifungo. Osha mara moja, paka mafuta ya nazi, na siku ya pili vaa glavu. Macho ndiyo usicheze nayo kabisa. Na maji ya kuoshea karai na miiko yana shimo lake, mbali na mboga. Saidia fundi wetu aliyamwaga mara moja tu kwenye matembele, na nadhani mpaka leo anakumbuka nilichomwambia.

Paa lilifanyika katikati ya Februari, siku tano, na sina mengi ya kusema ila moja. Miaka yote tulidhani beseni linatokana na tundu. Kila mwaka mtu alipanda akapaka lami. Fundi wa mabati alipofunua tukaona kenchi ya tatu imeliwa na mchwa kwa ndani, imebaki ganda, imebonyea kama inchi mbili. Pale ilipobonyea bati nalo likalala, maji yakawa hayatelemki, yanakaa yakingoja, na mabati mawili yalikuwa yamepandana kidogo tu, basi yakawa yanarudi nyuma na kuingia. Lami yetu yote ilikuwa imepakwa mahali ambapo hapakuwa na kosa. Tukabadilisha kenchi mbili, tukaweka bati geji 28 jipya, misumari juu ya mgongo wa bati na siyo kwenye bonde. Upenu tukauongeza mbele ili maji yaangukie kwenye ile njia ya kokoto. Kwenye uso wa uani tukaweka mfereji unaoshusha maji kwenye simtanki, kwa sababu maji ya mvua hayana chumvi na mimi nina mipango na pilipili.

Mabati ya zamani yaliyokuwa bado mazima mama alikataa yauzwe chuma chakavu. Tukaezekea jiko.

Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Machi tukiwa bado na tabaka moja la chokaa na kupaka. Joto lile, na mjomba amefunga, hataki kusikia habari ya kungoja Idd. Alikuwa anafika baada ya Alfajiri, anafanya kazi mpaka saa nne, anakwenda kulala msikitini kwenye feni. Mimi namkorogea. Jioni uani palikuwa na futari ya bustani: matembele ya nazi, bamia, pilipili mbili tatu za ile miche iliyodumaa, ambayo baada ya kuhamishiwa udongo safi ilikuwa imeanza kujuta na kuzaa. Mama hapendi kusifu chakula nilichopika mimi. Alikuwa anaongeza tu.

Ukuta ulipakwa mara ya mwisho katika kumi la tatu. Mweupe wa chokaa sio mweupe wa rangi ya kopo; mchana unaumiza macho, jioni unakuwa kama maziwa. Nilipita nikigonga kwa kifundo cha kidole toka kona mpaka kona. Hakuna kopo.

Usiku wa pili baada ya hapo tuliamka kula daku. Nilisikia kwanza kwenye mgomba wa jirani, kisha kwenye bati letu, matone makubwa ya kuhesabika, halafu yakaacha kuhesabika. Nikachukua tochi nikatoka nje. Maji yalikuwa yanateremka kwenye upenu, yanagonga kokoto, yanakwenda uchochoroni kama yameelekezwa. Mguu wa ukuta mkavu. Simtanki linaguguma. Nikarudi ndani mbio kumwambia mama.

Mama alikuwa ukumbini, gizani, amekwisha kutega beseni. Usawa wa kenchi ya tatu, bila kupima. Amesimama pembeni, mkono mmoja kiunoni, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu anaangalia juu. Tukasubiri wote wawili. Mvua ikaongezeka mpaka hatusikilizani. Beseni halikulia.

"Labda imebadilisha njia," alisema.

Kisha tukasikia sauti kutoka uani, ts, ts, ts. Tukakimbilia jikoni. Chini ya yale mabati ya zamani, kwenye kona, tone lilikuwa linadondokea juu ya jiko la mkaa, kando kidogo tu ya sufuria ya uji wa daku. Mama akalitazama tone, akanitazama mimi. Akarudi ukumbini akalichukua beseni.